Kwekwe Zinazolika: Namna ya Kuivuna Palizi ya Bustani ya Nyumbani badala ya Kuipulizia Dawa

Mvua za masika zikishakolea, bustani ya uani hujaa majani ambayo hakuna aliyeyapanda. Mchicha wa porini huchomoza kati ya mistari ya bamia, mnavu hujitokeza kando ya mibiringani, mchunga hujitandaza penye jua, na ndago hutoboa hata pale palipopaliliwa juzi. Zamani mwenye bustani alikuwa na jembe la palizi na mikono yake. Siku hizi dawa ya kuua magugu inapatikana katika maduka ya pembejeo, na anayepita na bomba mgongoni humaliza kwa muda mfupi kazi ambayo kwa jembe ingemchukua asubuhi nzima. Naelewa kwa nini watu huvutika nayo, hasa pale ambapo mama mmoja ndiye anayepalilia, anayechota maji na anayepika. Hata hivyo nauweka msimamo wangu wazi tangu hapa: katika bustani ambayo familia huchuma kitoweo chake, dawa ya kuua magugu haina nafasi, kwa sababu sehemu kubwa ya kile inachokiua ni mboga, na kile kisicholika kina njia nyengine za kuondolewa.

Maelezo yanayofuata yanahusu bustani ndogo za mboga za Unguja na Pemba, kuanzia zile za uani hadi za robo eka. Mwenye eka kadhaa za mpunga katika bonde kama la Cheju ana hesabu nyengine ya nguvukazi na wakati, naye nitamgusia mwishoni.

Hatua ya kwanza: Jua dawa inaua nini

Majina ya kibiashara ya dawa hizi ni mengi, lakini ukisoma maandishi madogo ya lebo utakuta viambato vinavyojirudia, na vitatu kati yake vinafaa kufahamika.

Cha kwanza ni glaifoseti, iliyoingia sokoni nchini Marekani mwaka 1974 kwa jina la Roundup. Hupenya kupitia majani, husafiri ndani ya mmea hadi mizizini, na huuzuia mmea usitengeneze baadhi ya asidi-amino unazozihitaji ili uishi. Haichagui kati ya gugu na mboga. Tena hufanya kazi taratibu, kiasi kwamba mchicha uliopuliziwa leo huonekana mzima kesho na keshokutwa, jambo ambalo ni hatari kwa mchumaji asiye na habari. Machi 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilifikia uamuzi tofauti na huo, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiongezea ruhusa ya matumizi kwa miaka 10 zaidi. Wataalamu wataendelea kubishana, na ni kazi yao. Mwenye bustani ya kitoweo hana sababu ya kuiingiza familia yake katika mabishano hayo ilhali jembe lipo.

Cha pili ni parakwati, ambayo watu wengi huifahamu kwa jina la Gramoxone. Hii huunguza majani kwa muda wa saa chache tu. Sumu yake haina dawa ya kuitengua mwilini. Funda moja likimezwa laweza kuua, na mara nyingi mtu huonekana ana nafuu kabla mapafu hayajaharibika siku kadhaa baadaye. Umoja wa Ulaya uliifungia mwaka 2007. Katika nyumba zetu, ambamo chupa ya soda au ya maji hutumiwa tena kwa mafuta ya taa, kwa siki na kwa kila kitu, mimi siioni nyumba yenye watoto inayopaswa kuweka dawa hii, hata kama imefungiwa kabatini.

Cha tatu ni 2,4-D. Hii huua mimea yenye majani mapana na kuziacha nyasi, na ndiyo maana hutumiwa katika mpunga na mahindi. Mtu akiipulizia bustanini, yatakayokufa ni mchicha, mnavu, mwangani na kishona nguo, yaani zile zile zinazofaa kuliwa, na utakaobaki ni ukoka. Isitoshe, baadhi ya aina zake huruka na upepo au mvuke na kuwafikia majirani; mnyanya na mpapai huathirika upesi, majani yakajikunja na kujinyonganyonga.

Wengi hununua dawa kwa ajili ya ndago, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Ndago huunganika chini ya ardhi kwa nyuzi zenye vifundo vingi, na vifundo vyengine huwa vimelala. Dawa husafiri hadi kwenye vifundo vilivyo hai na vilivyoshikana na jani lililopuliziwa. Vile vilivyolala hubaki salama na huchipua tena mvua inayofuata.

Kuna pia suala la maji, ambalo visiwani kwetu lina uzito wa pekee. Tunategemea kwa kiasi kikubwa maji yaliyo chini ya ardhi, kwa visima na chemchemi. Katika nchi ya uwanda na maweni, kama vile Makunduchi, Paje, Nungwi au Micheweni, udongo ni haba juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa, na maji ya mvua huzama kwa haraka bila kuchujwa na tabaka nene la udongo. Chochote kinachomwagwa juu kina njia fupi ya kufika kisimani. Mtu anayeosha bomba lake karibu na kisima cha mtaa anawafanyia dhuluma watu ambao hawakushauriwa.

Hatua ya pili: Zijue kwekwe kwa sura, kwa harufu na kwa utomvu

Hii ndiyo hatua ndefu, wala haifai kuharakishwa. Mimea ifuatayo huota yenyewe katika bustani nyingi, nayo huliwa. Nimetaja na jina la kitaalamu pale linapofaa, kwa kuwa majina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na jani linaloitwa hivi Mkoani huenda likaitwa vyengine Kizimkazi.

Mchicha wa porini ni wa jamii ya Amaranthus. Jani lake lina umbo la yai, mishipa yake huonekana wazi upande wa chini, na maua yake hukusanyika katika mashuke yasiyo na petali za kuonekana. Shina laweza kuwa la kijani au jekundu, na rangi hiyo haina maana yoyote kwa usalama wake. Mchicha wa miba, Amaranthus spinosus, huwa na miba miwili kwenye kila kiungo cha jani. Huo nao huliwa, lakini uchumwe ungali mchanga, kabla miba haijakauka.

Mnavu una majani laini, maua madogo meupe yenye ncha tano na kitovu cha manjano, na matunda madogo ya mviringo yanayoning'inia kwa vishada. Huliwa majani machanga yaliyochemshwa. Matunda mabichi ya kijani yasiliwe hata kidogo, na watoto waambiwe hivyo, kwa sababu yana sumu ya solanini.

Mchunga, Launaea cornuta, hauhitaji kuelezwa sana kwa mtu wa Pwani. Majani yake ni marefu na membamba, yenye masikio yaliyochongoka karibu na shina, maua yake ni ya manjano, na ukiukata hutoa utomvu mweupe. Uchungu wake ndio uliowafanya wengine waudharau na wengine wasiweze kula wali wa nazi bila huo. Mizizi yake hutambaa chini, hivyo haumaliziki kwa kung'olewa mara moja. Mimi nauhesabu uimara huo kuwa ni faida: palipo na mchunga hapakosi mboga hata kipindi cha jua kali.

Mwangani, ambao wengine huuita mgagani, ni Cleome gynandra. Jani lake limegawika kama vidole, kwa kawaida vitano, shina lina vinyweleo vinavyonata, na ukilisugua hutoa harufu kali. Maua yake ni meupe yenye nyuzi ndefu, na maganda ya mbegu ni membamba. Mlenda, wa jamii ya Corchorus, una jani lenye meno pembeni na vimkia viwili vyembamba kwenye kitako chake. Huliwa majani tu, kwani mbegu zake zina sumu inayoathiri moyo. Kishona nguo, Bidens pilosa, kinafahamika kwa mbegu zake nyeusi zinazong'ang'ania kanga. Majani yake machanga, kabla ya maua, huchemshwa na kuchanganywa na mboga nyengine. Kongwe, lenye ua dogo la buluu na jani linaloukumbatia shina, nalo hulika, ingawa kwetu hufaa zaidi kwa sungura na mbuzi.

Kuna na lile jani dogo nene, lililojaa maji, litambaalo chini kwa mashina mekundu na kutoa maua ya manjano yanayofunguka kwenye jua. Jina lake la kitaalamu ni Portulaca oleracea. Huota hadi kwenye nyufa za saruji, na watu hulikanyaga bila kulitazama. Lina ladha ya ukakasi wa mbali, huliwa bichi kwenye kachumbari au likapikwa, na ni miongoni mwa majani machache yenye kiasi kizuri cha mafuta ya omega-3, ambayo wengi tunadhani yamo katika samaki peke yake.

Sasa mimea ya kuogopwa. Wa kwanza ni mnanaha, wa jamii ya Datura. Huota kwenye jaa na penye samadi, pale pale mchicha unapostawi, na miche yake midogo ikichumwa kwa pupa huingia kapuni pamoja na mboga. Jani lake ni pana, lina kingo zilizopindapinda na harufu mbaya likisuguliwa. Ua lake ni refu mfano wa tarumbeta, na tunda lake lina miba au vinundu. Kila sehemu yake ni sumu. Aliyeula hukaukwa na kinywa, mboni za macho hutanuka, moyo humwenda mbio, naye huanza kuweweseka na kuona yasiyokuwapo. Apelekwe hospitali papo hapo, na mabaki ya mboga yachukuliwe ili daktari ayaone.

Wa pili ni mtunguja, wenye majani yenye manyoya, miba, maua ya zambarau na matunda ya manjano yanapoiva. Huu ni ndugu wa mnavu, lakini si wa kuliwa. Wa tatu ni vijani vitambaavyo vya jamii ya Euphorbia, ambavyo kwa mbali hufanana na lile jani nene nililolitaja. Vunja shina: likitoka utomvu mweupe kama maziwa, si lenyewe, litupe. Angalia hapa kwamba utomvu peke yake haukupi hukumu ya kila jani, kwa sababu mchunga nao hutoa maziwa na ni mboga; kipimo hiki kinatumika kulitofautisha jani hilo nene na yanayofanana nalo, basi. Kanuni moja ya jumla kwa mimea yote haipo, na anayekufundisha kwamba ipo anakuhatarisha.

Njia nzuri ya kujifunza ni kuacha mche mmoja wa kila aina, kwenye kona ya bustani, ukue hadi utoe maua, kwa maana ni ua ndilo linalothibitisha, na ukishaujua mmea kwa ua lake utarudi kuutambua ungali mchanga. Mpelekee bibi wa jirani mche mzima wenye mzizi na maua, umuulize anauitaje na anaupikaje. Bibi shamba wa shehia au wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iliyopo Kizimbani ni watu wa kuulizwa vilevile. Anza na mmea mmoja unaoujua kwa yakini kabisa, uzoee, ndipo uongeze mwengine. Jani unalolitilia shaka lisiingie sufuriani, hata kama linafanana vipi na lile uliloonyeshwa.

Hatua ya tatu: Chunguza mahali kabla ya kuchuma

Jani salama linaweza kuharibiwa na mahali lilipoota. Usichume kando ya barabara kubwa, kwenye mtaro wa maji machafu, juu ya karo la choo, kwenye jaa la zamani la betri na vyuma, wala mahali ambapo mafundi wa gari humwaga mafuta. Mboga za majani hufyonza madini mazito kutoka udongoni, na hayo hayaondoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa.

Lililo muhimu zaidi kwa mada yetu ni kuuliza kama pamepuliziwa dawa. Kwa kuwa glaifoseti huchukua siku kadhaa kabla jani halijageuka manjano, macho hayatoshi. Muulize mwenye konde, muulize anayemfanyia kazi, na umuulize jirani aliye upande unaotoka upepo, kwa sababu wakati wa kusi au kaskazi matone madogo ya dawa husafiri kuvuka mpaka. Ukiona majani yamejikunja isivyo kawaida, yana mabaka meupe au ya kahawia yaliyoanza ghafla, au majani mapana yamekufa huku nyasi zikinawiri, acha. Palipopuliziwa, mimi hushauri msimu mzima upite bila kuchuma kwekwe za kula, ingawa lebo huenda ikataja siku chache: siku za lebo hukadiriwa kwa zao lililoandikwa pale, na hakuna aliyezikadiria kwa mchicha wa porini uliolengwa uuawe.

Hatua ya nne: Ziotesheni kwekwe kwanza, kisha pandeni

Mche mmoja mkubwa wa mchicha unaweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000, na nyingi hukaa udongoni zikisubiri. Mbegu hizi ndogo huota zikiwa karibu na uso wa udongo na zikipata mwanga na unyevu, na ndiyo sababu kila unapolima kwa kina unaziamsha nyengine. Jambo hili, ambalo kwa kawaida ni kero, laweza kugeuzwa kuwa mavuno.

Tengeneza matuta kama unayetaka kupanda, mwagilia maji au ngoja mvua, kisha usipande chochote kwa siku 10 hadi 14. Tuta litajaa miche. Ichume iking'ali laini, uile, na ile isiyolika uikwangue juu juu kwa jembe bila kupindua udongo. Baada ya hapo panda mbegu au miche yako huku ukiugusa udongo kwa kiasi kidogo tu. Ukiweza kurudia mzunguko huu mara mbili kabla ya kupanda, palizi ya baadaye itapungua sana. Wakati unaofaa ni mwanzo wa masika, na vuli vilevile, ambapo mvua za Oktoba hadi Disemba hutosha kuamsha mbegu bila kuzamisha matuta.

Udongo nao una masharti yake. Kwenye kinongo, yaani udongo mwekundu tifutifu, kazi hii huenda vizuri. Kwenye kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi wa mabondeni, usikwangue udongo ungali umelowa, kwani utagandamana na kuwa vigae. Kwenye mchanga miche hung'oka kwa mkono bila taabu, lakini hukauka mapema, hivyo ichumwe asubuhi. Katika uwanda, ambako jembe hugonga mawe, kwekwe huchumwa katika vishimo vya udongo moja moja.

Hatua ya tano: Palilia kwa kuchuma

Kwekwe zinazolika bado ni kwekwe. Zikiachwa zinyang'anye mwanga, maji na rutuba, hazitakufidia mavuno ya nyanya uliyoyapoteza. Kwa mazao mengi ya bustani kipindi cha hatari ni wiki za mwanzo. Kuanzia wiki ya pili hadi ya sita hivi baada ya kuota, mistari ya mazao iwe safi, na kinachobaki kiwe katikati ya mistari na pembezoni.

Pita bustanini mara mbili kwa wiki na kapu, si mara moja kwa mwezi na jembe. Mchicha ung'olewe na mzizi ukiwa na urefu wa kiganja. Ukitaka uendelee kuchuma, acha mche mmoja kwa kila hatua ya mguu na uukate kichwa ili utoe matawi. Mnavu ukatwe ncha tu. Mchunga ukatwe usawa wa ardhi, kwani kuuchimba huigawa mizizi yake na kila kipande huweza kuchipua. Usiache hata mmoja utoe mbegu katikati ya mazao. Wa mbegu uwekwe kwenye ile kona.

Mnavu usiachwe karibu na minyanya, mibiringani wala pilipili. Ni wa jamii moja nayo, na huhifadhi magonjwa na wadudu wao, akiwamo yule nondo wa nyanya ambaye Tanzania Bara wanamwita kantangaze. Ukiupenda mnavu, na mimi naupenda, upe sehemu yake upande wa pili wa bustani.

Ndago na ukoka havina huruma, na hapa sitamdanganya mtu: ni kazi. Chimbua kwa uma wa shamba au mtaimbo badala ya jembe linalokatakata, fuata uzi hadi kifundo cha mwisho, kisha uanike vifundo juu ya bati au jiwe kwenye jua kali mpaka vikauke kabisa. Visitiwe kwenye mboji. Rudia kila baada ya wiki mbili au tatu, kabla jani jipya halijatengeneza vifundo vipya. Ndago haipendi kivuli, kwa hiyo tuta lililoshindikana lipandwe viazi vitamu vilivyobanana. Matembele hufunika ardhi, nawe unachuma mboga wakati ndago inadhoofika.

Kati ya mistari tandaza makuti yaliyokatwakatwa, majani makavu ya migomba au makumbi, unene wa kiganja kilicholala au zaidi kidogo, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Makumbi hudumu muda mrefu kuliko vyengine vyote na yanapatikana bila ya gharama katika kila kijiji chenye minazi.

Hatua ya sita: Osha, chemsha, unga

Majani yaoshwe katika maji yaliyobadilishwa mara tatu, kwa sababu mchanga na mayai ya wadudu hujificha upande wa chini. Mchicha na lile jani nene vina oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kuchangia mawe ya figo, na kuchemsha kisha kumwaga maji huipunguza. Mwenye mawe ya figo ashauriane na daktari kabla ya kuyafanya kuwa chakula cha kila siku. Vilevile anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani anachokula bila kumweleza daktari wake, kwani vitamini K iliyomo hushindana na dawa hiyo.

Mchunga uchambuliwe, ukatwe, uchemshwe kwa chumvi, maji yamwagwe, kisha ukamuliwe. Anayeanza achemshe mara mbili. Aliyezoea mara moja humtosha. Mnavu na mwangani hufanywa vivyo hivyo. Baada ya hapo kaanga kitunguu na nyanya, tia tui jepesi, weka mboga, na mwisho mimina kasimile, yaani tui zito, ukiwa unakoroga ili lisikatike. Upishi huu wa bibi zetu una sababu ya kitaalamu: kirutubisho kinachogeuka vitamini A mwilini hufyonzwa vizuri kikipata mafuta, na tui linayatoa. Ukishaepua, kamulia ndimu. Vitamini C ya ndimu husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo ndani ya majani, jambo lenye faida kubwa kwa mama mjamzito na kwa msichana aliyekwisha balehe. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, hivyo isubiri saa moja baada ya mlo.

Mara ya kwanza kula kidogo, uone tumbo linavyolipokea. Ziada hukaushwa kivulini penye upepo, ikahifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko. Jua kali moja kwa moja huharibu vitamini A.

Hatua ya saba: Kisicholika na wewe

Kongwe, ukoka mchanga na mabua ya mchicha wapewe mbuzi, sungura au ng'ombe. Mengine yatiwe kwenye mboji kabla hayajatoa mbegu. Yenye mbegu yanahitaji lundo linalofikia joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku kadhaa na kupinduliwa, na bila ya hivyo utakuwa unazirudisha mbegu bustanini pamoja na samadi. Majani yaliyopuliziwa dawa yasipewe mnyama wala yasitiwe kwenye mboji ya mboga.

Ikiwa dawa ni lazima shambani

Mwenye shamba kubwa aliyeamua kuitumia aiweke mbali na bustani ya kitoweo, anunue chupa iliyofungwa yenye lebo inayosomeka, avae glavu za mpira, buti, nguo za mikono mirefu na kinga ya macho, na apulizie asubuhi ambapo upepo umetulia. Achanganye dawa mbali na kisima na mto, na asiwatume watoto kazi hiyo. Aweke alama inayoonekana, kitambaa chekundu au kijiti chenye maandishi, na awaambie wanaochuma mboga pale, kwani katika vijiji vyetu konde la mtu huchumwa na wengi. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, kisha itobolewe ili isitiwe mafuta wala maji ya kunywa. Dawa ikimgusa mtu ngozini, avue nguo na aoge kwa sabuni na maji mengi. Ikimezwa, hata kidogo, na hata kama mtu anasema hajambo, apelekwe hospitali mara moja, asitapishwe nyumbani, na chupa yenye lebo yake iende pamoja naye.